Kidonge Kimoja kwa Kila Pakiti

Niliyowaambia watu wa Mahege kuhusu moshi wa sigara yalikuwa kweli. Nianze hapo, kwa sababu anayeungama hutarajiwa aseme alidanganya, nami sikudanganya hata neno moja katika nusu ya kwanza ya maelezo yangu. Nusu ya pili ilianza pale nilipofungua mkoba na kutoa kopo la vidonge.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilianza kufundisha sekondari Kibiti ikiwa haijawa wilaya, bado tukihesabiwa Rufiji. Kwetu ni Mahege, likizo zote narudi huko, na hata watu ambao sikuwahi kuwafundisha wananiita Mwalimu. Mshahara wa mwalimu msomaji anaujua. Mwenzangu mmoja alinialika semina Dar es Salaam, ukumbi wa hoteli, chai na sambusa za bure, na humo tukaelezwa habari za kampuni moja ya virutubisho. Kampuni yenyewe siitaji; zipo nyingi, zinafanana, na kosa ninaloliandika hapa nililitenda kwa mdomo wangu mwenyewe. Utaratibu ni ule mnaoujua: unanunua makopo kwa bei ya mwanachama, unauza kwa bei ya juu, na kila unayemwingiza chini yako anakuongezea pointi.

Ningependa kusema kilichonivuta ni dhiki. Dhiki ilikuwepo. Lakini kilichoniteka hasa ni mchoro mmoja uliooneshwa ukutani, mchoro wa radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi bila kuelewa kitu, mtoa mada naye alikuwa anasoma tu, na mimi nikajiona ndiye pekee mwenye akili mle ndani. Nilipopewa kipaza sauti niulize swali, sikuuliza. Nilifundisha. Nikashangiliwa, na siku hiyohiyo nikajaza fomu.

Sasa niwaeleze nilichokuwa nafundisha, kwa kuwa bado nakiamini.

Sigara inapovutwa, joto la kaa lake hupita nyuzi 800 za Selsiasi. Tumbaku haiungui yote sawasawa. Sehemu inawaka, sehemu inafukuta, na katika moshi huo zimo kemikali zaidi ya 7,000. Baadhi yake ni hizo radikali. Molekuli iliyopungukiwa elektroni haitulii mpaka imenyang'anya nyingine: mafuta ya ukuta wa seli, protini, hata vinasaba. Iliyonyang'anywa nayo inageuka mnyang'anyi, inamrukia jirani, na mlolongo unaendelea. Mwanakemia William Pryor wa Louisiana, Marekani, alitumia miaka mingi akizipima, na makadirio yake ni kwamba mvuto mmoja tu wa sigara una radikali kama trilioni elfu moja katika ile sehemu ya moshi iliyo gesi tupu. Katika lami ya moshi zimo nyingine, zenye umri mrefu zaidi, ambazo huendelea kuzalisha supaoksidi na haidrojeni peroksaidi kifuani hata baada ya kichungi kutupwa.

Mwili hauko uchi mbele ya haya. Utando wa majimaji unaofunika mapafu una glutathioni na vitamini C, na seli zina vimeng'enya vya kuzima vioksidishaji, yaani hizo radikali na jamii yake. Ila moshi unazitumia akiba hizo upesi kuliko zinavyojazwa. Damu ya mvutaji huwa na vitamini C pungufu, kiasi kwamba wataalamu wa lishe wa Marekani mwaka 2000 walipendekeza mvutaji apate miligramu 35 zaidi kila siku kuliko asiyevuta. Pale vioksidishaji vinapoizidi nguvu kinga ndipo wataalamu husema mwili uko katika msongo wa oksidi.

Katika mapafu msongo huo hufanya jambo ambalo kila nilipolieleza darasani wanafunzi waliacha kunong'ona. Moshi ukiingia, chembe nyeupe za damu hukimbilia huko kwa wingi, na chembe hizo hubeba kimeng'enya kiitwacho elastesi, chenye uwezo wa kukata nyuzi zinazofanya pafu livutike na kurudi. Mtu mwenye afya hadhuriki, kwa kuwa ini lake hutengeneza protini inayoikamata elastesi, alfa-1 antitripsini. Mwaka 1963 huko Uswidi, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson waliona kwamba watu waliozaliwa na upungufu wa protini hiyo huharibika mapafu wakingali na umri mdogo. Basi vioksidishaji vya moshi huigonga protini hiyohiyo mahali pamoja, kwenye asidi amino ya methionini, na ikishagongwa haikamati tena kitu. Mvutaji aliyezaliwa na kinga kamili anaipoteza mle kifuani, mvuto baada ya mvuto. Kuta za vifuko vya hewa zinakatika, vifuko vidogo vinaungana kuwa mapango makubwa yasiyo na kazi, hewa inaingia na kutoka haitaki.

Kwenye mishipa ya damu kisa ni kingine lakini mhalifu ni huyohuyo. Ngozi nyembamba ya ndani ya mshipa hutengeneza gesi ya nitriki oksidi, na gesi hiyo ndiyo huiambia misuli ya mshipa ilegee damu ipite. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Nobeli mwaka 1998 kwa ugunduzi huo. Supaoksidi ikikutana na nitriki oksidi zinaungana papo hapo na kuwa peroksinitriti, kitu kikali zaidi ya vyote viwili. Mshipa unabaki umekaza. Lehemu mbaya inayopita inaoksidishwa, chembe nyeupe zinaimeza, zinanenepa kwa mafuta na kujichimbia ukutani mwa mshipa, na hapo ndipo utando wa kuziba unapoanza. Mwaka 1993 watafiti wa London walipima mishipa ya mikono ya wavutaji vijana waliojiona wazima kabisa, wakakuta haitanuki inavyopaswa, na kadiri mtu alivyovuta zaidi ndivyo mshipa wake ulivyokuwa mzito kutanuka.

Hayo yote nilikuwa nayasema barazani, jioni, kwa Kiswahili chepesi kuliko hiki. Na ili mtu asiyesoma kemia aelewe, nilikuwa nachomoa msumari uliokula chumvi kwenye ubao wa mtumbwi mkukuu. Hii ni kutu, nasema. Chuma kimeliwa na oksijeni. Mapafu yako yanaota kutu. Ukitaka chuma kisiliwe unafanyaje? Na wao hujibu kwa pamoja: unapaka rangi. Basi rangi yenyewe ndiyo hii, nasema, na mkono uko tayari kwenye kopo. Antioksidanti. Beta-karotini, vitamini E, vitamini C, zote humu ndani.

Nilikuwa hodari. Mama mmoja niliyemwingiza chini yangu, anayefanya biashara Kibiti mjini, alinirekodi kwa simu yake nikitoa somo hilo la msumari, kwa ridhaa yangu na kwa furaha yangu.

Mteja wangu wa kwanza Mahege alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama. Ujana wake ulikwisha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji akikata boriti, zamani zile majahazi yakizipeleka Unguja na Uarabuni. Baadaye akahamia kwenye kamba na mpunga. Amevuta tangu ujana huo, kwanza msokoto wa tumbaku ya sokoni kwenye kipande cha gazeti, kisha sigara za pakiti. Mimi mwenyewe nilikuwa natumwa nikamnunulie, nami nikamwashie kwenye figa nikikohoa. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtoto chini ya miaka 18, lakini hiyo ni sheria; kwenye vibanda sigara inauzwa moja moja, pembeni ya biskuti.

Mjomba alinisikiliza siku ya msumari kwa makini kuliko wote. Alikuwa na kikohozi cha asubuhi kisichokwisha, makohozi yalipimwa kifua kikuu wakasema hana, na mkaza mjomba alikuwa amechoka kumwambia aache. Alinunua kopo. Alipomaliza alinunua jingine. Kisha siku moja akaniuliza swali ambalo nimekuwa nikilisikia usiku tangu hapo.

"Hivi Mwalimu, nimeze kimoja kwa kila pakiti, au viwili?"

Alikuwa ameshafanya hesabu. Nilimfundisha kwamba sigara inaleta kutu na kidonge kinazuia kutu. Akachukua hatua iliyofuata kwa mantiki yangu mwenyewe. Mwalimu yeyote mwenye akili zake angeshtuka hapo. Angesema, mjomba, sikumaanisha hivyo, acha kwanza sigara ndipo tuzungumze. Mimi nilicheka, nikampa mkono, nikamwambia viwili havidhuru.

Havidhuru. Nilisema hivyo bila kusoma ukurasa mmoja wa utafiti uliofanywa kwa watu wanaovuta. Nilikuwa nimesoma kwa nini sigara inaua. Sikuwa nimesoma kama kidonge kinaponya, kwa sababu nilidhani ni jambo moja.

Halafu ukaja mguu. Mjomba akawa akitembea kwenda shamba la mpunga, shavu la mguu linamkaza kama limefungwa kamba. Akisimama kidogo linaachia. Akianza tena linakaza. Mtu yeyote aliyenisikia nikihubiri nitriki oksidi angetarajia niutambue mshipa ulioziba. Nikamwambia ni baridi yabisi, umri huo mjomba, akawa anakunywa diklofenaki za duka la dawa. Wakala wa dawa wa Ulaya ulishashauri tangu mwaka 2013 kwamba dawa hiyo isitumiwe na mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya miguu. Sikulijua hilo pia, ila kwa hili sijilaumu sana. Najilaumu kwamba somo nililokuwa nalirudia kila wiki sikulitumia hata mara moja kumtazama mtu aliyekaa mbele yangu.

Mwaka 2024, mto Rufiji ulipofurika, watu wakihamisha mpunga na vyombo, mjomba alishindwa kubeba ndoo. Alikaa chini na kuvuta pumzi kwa midomo iliyobanwa. Miezi iliyofuata kidole gumba cha mguu kikaanza kubadilika rangi. Kilipogeuka cheusi tukampeleka Dar es Salaam.

Daktari aliyempokea alikuwa binti mdogo, nadhani angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alimpulizisha mjomba kwenye kipimo cha pumzi, akampima mapigo ya miguuni, akauliza mzee anatumia dawa gani. Nikatoa kopo. Nilitoa kwa majivuno, nikijua atafurahi kukutana na mtu anayejua mambo. Akasoma maandishi ya pembeni, akanitazama.

"Mzee anavuta sigara, sivyo?"

"Anavuta."

"Na hizi nani kampa?"

"Mimi."

Hakunikaripia. Ningefurahi angenikaripia. Alisema tu, "Mwalimu, habari za Finland umewahi kuzisikia?"

Sikuwa nimezisikia. Huko Finland, wanaume 29,133 wavutaji wa sigara, wa umri kati ya miaka 50 na 69, waligawiwa kwa bahati nasibu: wengine beta-karotini miligramu 20 kila siku, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, wengine kidonge kisicho na kitu. Hakuna aliyejua anameza nini. Waliendelea miaka mitano hadi minane. Matokeo yakachapishwa mwaka 1994, na waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko ambao hawakuimeza. Waliokufa pia walikuwa wengi zaidi. Waandaaji wenyewe hawakutegemea. Marekani nako jaribio kama hilo lilikuwa linaendelea kwa watu 18,314, wavutaji, walioacha, na wafanyakazi waliofanya kazi kwenye asbesto, wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 likasimamishwa kabla ya wakati wake. Saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 upande wa waliomeza dawa.

Na mishipa ya damu? Uingereza waliwapa watu 20,536 vitamini E, vitamini C na beta-karotini kila siku kwa miaka mitano, watu ambao tayari walikuwa kwenye hatari ya moyo. Matokeo ya mwaka 2002: hakuna tofauti. Si mshtuko wa moyo, si kiharusi, si kifo. Mchanganyiko ule ndio uliokuwa kwenye kopo langu.

Kilichonichoma zaidi nilikipata baadaye nilipoanza kusoma mwenyewe. Wazo la beta-karotini halikuanzishwa na matapeli. Mwaka 1981 Richard Peto, Richard Doll na wenzao waliandika wakiuliza kama beta-karotini ya chakula inaweza kupunguza saratani, kwa kuwa ilionekana wanaokula mboga za majani na matunda wanaugua kidogo. Doll ni yuleyule aliyethibitisha pamoja na Bradford Hill mwaka 1950 kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu. Watu wa kimo hicho waliuliza swali, kisha dunia ikakaa zaidi ya miaka kumi ikitafuta jibu, na jibu likaja hapana. Mimi nilichukua swali lao nikaliuza kama jibu, zaidi ya miaka ishirini baada ya jibu la kweli kutoka.

Sababu ya vidonge kugeuka nilitamani sana kuielewa, maana kemia yangu ilikuwa imeniaibisha. Maelezo ambayo wataalamu wengi huyapa uzito ni kwamba antioksidanti ikitoa elektroni yake, yenyewe inabaki imeoksidika. Kwa kiasi kidogo, kama kile cha mchicha au papai, mwili unairudisha hali yake. Ukiijaza kwa wingi ndani ya pafu lenye oksijeni nyingi na moshi wa sigara, beta-karotini inavunjikavunjika, na vipande vyake vinaanza kuoksidisha na kuchokoza seli. Isitoshe, si kila kioksidishaji ni adui. Chembe nyeupe huvitumia kuulia vijidudu, na seli huvitumia kupelekeana habari, zikiwemo habari za seli iliyoharibika kujiua. Msumari hauna mambo hayo. Msumari hauna kinga yake, hauna chembe nyeupe, hauambiani habari na msumari mwenzake, na juu ya yote haununui pakiti nyingine ya chumvi kwa sababu umepakwa rangi.

Hili la mwisho nalo limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Taiwan walichapisha jaribio ambalo waliwapa wavutaji kidonge kisicho na kitu. Kundi moja likaambiwa ukweli, kundi lingine likaambiwa ni kirutubisho. Walioamini wamemeza kirutubisho walivuta sigara nyingi kuliko wenzao. Kwa hiyo hata kama makopo yangu yangejazwa unga wa muhogo, madhara yangekuwepo.

Lazima niwe mwangalifu nisije nikajitwisha hata yasiyo yangu, maana hiyo nayo ni namna ya majivuno. Mjomba hakupata saratani. Mguu wake ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya mishipa iliyozibwa na miaka mingi ya sigara, na pumzi yake imebanwa na ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao madaktari huufupisha COPD. Vyote viwili vilianza kabla sijajaza fomu yoyote. Daktari alinieleza hivyo bila mimi kumwomba anitulize. Langu ni hili: mkaza mjomba ananihakikishia kwamba kabla ya siku ya msumari mumewe alikuwa ameshapunguza, alikuwa anavuta nusu na kuzima, anaiweka sikioni. Kikohozi kilikuwa kimemtia hofu. Mimi nikamtoa ile hofu.

Na hofu ile ilikuwa mali. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa kiume wa Uingereza kwa miaka 50, kuanzia 1951, na hesabu ya mwisho iliyotolewa mwaka 2004 inasema mvutaji hupoteza kama miaka kumi ya maisha. Akiacha akiwa na miaka 30 anairudisha karibu yote. Akiacha na 40 anarudisha tisa, na 50 anarudisha sita, na 60 bado anarudisha mitatu. Kuta za vifuko vya hewa zilizokwisha kukatika hazioti tena, lakini kasi ya kupoteza pumzi inapungua. Ndani ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inashuka kwa karibu nusu, maana ile ngozi ya ndani ya mishipa inaanza kupata nafuu mara tu moshi unapokatika. Hiyo ndiyo tiba ya msongo wa oksidi iliyofanyiwa majaribio ikashinda. Haiuziki. Sina kopo la kuiwekea, wala hakuna anayeniongezea pointi kwa mtu aliyeacha.

Sisemi ni rahisi. Nikotini inamshika mtu kweli, na bandiko la nikotini sijaliona kwenye duka lolote la dawa Kibiti. Mjomba aliacha wodini kwa sababu hakuwa na mguu wa kumfikisha kibandani na wajukuu waliapa kutotumwa. Alikuwa mkali kwa wiki kadhaa, akatukana watu ambao hakuwahi kuwatukana, mimi nikiwa wa kwanza.

Kuna mtu mwingine ambaye karibu nimsahau kwenye maungamo haya, kama nilivyomsahau wakati ule. Mkaza mjomba hajawahi kuvuta sigara. Anapika kwa kuni za mikoko kwenye jiko la makuti lisilo na dirisha, anabanika samaki, na anakohoa. Moshi wa kuni nao umejaa vioksidishaji na chembechembe ndogo zinazofika chini kabisa kifuani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima pumzi za watu wazima wa kijijini hapa Tanzania, ulikuta COPD kwa asilimia 17.5 yao, kwa wanawake peke yao asilimia 12.9, na karibu wote walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa. Mimi nilimuuzia naye kopo, kwa bei ya ndugu. Kilichomsaidia ni fundi aliyekuja kumtobolea ukuta wa jiko pande mbili, kazi ya mchana mmoja, iliyogharimu chini ya kopo.

Nilikwenda kumwambia mjomba alipokwisha kurudi nyumbani. Nilijiandaa kwa maneno mengi, habari za Finland, za Uingereza, nikihema zaidi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo vile vidonge havikuwa na kazi."

"Havikuwa na kazi, mjomba. Pengine vilikuwa na madhara."

"Basi nirudishie hela yangu."

Nilidhani anatania, nikacheka kidogo. Hakuwa anatania. Akamwita mjukuu alete daftari, na humo makopo yote yalikuwa yameandikwa, tarehe na bei. Nimemlipa kwa simu, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na ameniandikia risiti. Habari zikaenea na wengine wakaja. Mvuvi mmoja alikataa pesa. Alisema, "Hela kaa nayo, Mwalimu. Wewe ulinifanya nikavuta kwa amani, hiyo utanilipaje?" Nilimwuliza kama ameacha. Akasema bado.

Wanachama walioko chini yangu ndio wamenishinda. Nilijitoa kwenye kampuni, nikawapigia mmoja mmoja. Wengine walikuwa wameshaacha biashara kwa kukosa wateja. Yule mama wa Kibiti mjini anaendelea vizuri, amepanda ngazi, na wateja wake wakubwa ni vijana wa bodaboda na madereva wa malori. Nilimweleza kila kitu nilichokieleza hapa. Alinijibu kwa adabu, shikamoo nyingi, kisha akasema maelezo yangu ya zamani yalikuwa mazuri kuliko haya mapya, watu wanayaelewa, na ile sauti aliyonirekodi ndiyo anayoitumia kuwafundishia wauzaji wapya. Nilimwomba aifute. Alisema yeye anaweza kuifuta, ila ilishatumwa kwenye makundi ya WhatsApp hata ya Mkuranga na Kilwa, na huko hana amri.

Kwa hiyo inazunguka. Ni dakika chache tu, nyuma anasikika jogoo, na mwanamume anayejiita Mwalimu anauliza watu kuhusu msumari na wao wanamjibu kwa pamoja. Mwanamume huyo ni mimi. Ukitumiwa sauti hiyo, umjibu aliyekutumia kwamba mwenye sauti ameikana, na kama anavuta sigara, mwambie nimesema aache.